Sura ya 7: Silinda Inameza Gesi Kiasi Gani?

Dereva wa bajaji anayejaza gesi ya CNG jijini Dar es Salaam hukipima kituo kwa muda. Mtungi ukijaa upesi, anarudi barabarani kutafuta abiria. Ukichelewa, foleni nyuma yake inarefuka. Kinachoamua mwendo wa foleni hiyo mara nyingi hakionekani kutoka pale alipoegesha. Kipo ndani ya banda lenye kelele: kompresa ya pistoni, mashine inayopokea gesi asilia kutoka bombani kwa presha ndogo na kuishindilia hadi baa 250 hivi, ili mtungi wa chombo ujazwe hadi baa 200.

Sababu ya kuishindilia ni nyepesi kueleza. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa katika kisiwa hicho cha wilaya ya Kilwa mwaka 1974 na kuanza kutumika Dar es Salaam mwaka 2004, karibu yote ni methani. Katika presha ya kawaida ya hewa, mita moja ya ujazo ya methani ina uzito usiofika gramu 700, na nishati yake inakaribiana na ya lita moja ya dizeli. Yaani nishati inayokaa kwenye chupa moja ya dizeli inahitaji nafasi ya lita 1,000 ikiwa gesi haijashindiliwa. Ikishindiliwa hadi baa 200, mtungi wa lita 60 unabeba kilo 10 hivi, na gari linaweza kusafiri.

Swali la mwenye kituo basi ni hili: mashine yangu inapitisha gesi kiasi gani kwa saa? Jibu linaloandikwa kwenye kibao cha mashine ni sahihi kwa masharti yaliyoandikwa nacho tu. Masharti yakibadilika, kompresa ile ile, ikizunguka kwa kasi ile ile, inaweza kupoteza theluthi moja ya uwezo wake bila kuharibika hata skrubu. Hesabu inayoeleza jambo hilo haihitaji zaidi ya kalamu, karatasi na kikokotoo cha simu, na kila anayenunua au kuendesha mashine ya namna hii anastahili kuijua.

Ujazo wa mwendo wa pistoni

Tuchukue silinda moja ya hatua ya kwanza. Kipenyo chake cha ndani ni milimita 200. Pistoni husafiri milimita 100 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Kranki inazunguka mara 750 kwa dakika. Silinda hii inafanya kazi pande zote mbili: pistoni ikienda mbele inashindilia gesi iliyo mbele yake, na ikirudi inashindilia iliyo nyuma.

Upande wa mbele, eneo la pistoni likizidishwa kwa urefu wa safari yake linatoa lita 3.14. Upande wa nyuma ni mdogo kidogo, kwa kuwa rodi ya pistoni yenye unene wa milimita 40 inachukua sehemu ya nafasi. Pale zinabaki lita 3.02. Jumla ni lita 6.16 kwa kila mzunguko. Zidisha kwa mizunguko 750, kisha kwa dakika 60: mita za ujazo 277 kwa saa.

Wengi huishia kwenye namba hiyo. Ni namba ya chuma: inapatikana kwa kupima silinda iliyo tupu mezani, na haijui lolote kuhusu gesi. Mtu anayeitumia kama uwezo wa mashine anadhani kila pistoni inaporudi, silinda inajaa gesi mpya kutoka ukuta hadi ukuta. Hakuna kompresa ya pistoni inayofanya hivyo.

Gesi inayobaki

Pistoni haiwezi kugusa kifuniko cha silinda. Ikigusa, mashine itavunjika. Fundi huacha upenyo mdogo, na juu ya huo kuna vijia vya vali na mashimo yake. Nafasi hiyo yote inabaki na gesi hata pistoni inapofika mwisho wa safari. Tuiite nafasi ya masalio. Katika silinda yetu, tuseme ni asilimia 15 ya ujazo wa mwendo wa pistoni, yaani lita 0.47 kwa upande wa mbele.

Muuza mchele asiyekung'uta kopo lake vizuri atachota pungufu mara inayofuata, kwa kuwa chini mmebaki punje za awali. Gesi ina shida hiyo na zaidi, kwa sababu masalio yake hutanuka. Tuseme silinda inavuta gesi kwa baa 10 na kuitoa kwa baa 30, zote zikiwa presha kamili zinazohesabiwa kuanzia utupu. Pistoni inapoanza kurudi, zile lita 0.47 ziko kwenye baa 30. Vali ya kuingizia haiwezi kufunguka, kwani ndani kuna presha kubwa kuliko kwenye bomba. Inabidi pistoni irudi nyuma kwanza hadi masalio yatanuke na kushuka kufikia baa 10. Sehemu hiyo ya safari haiingizi gesi mpya hata kidogo.

Waliotengeneza pampu za kwanza za hewa walikutana na kizuizi hiki kabla hakijawa na fomula. Otto von Guericke, meya wa Magdeburg huko Ujerumani, alionyesha nguvu ya utupu mjini Regensburg mwaka 1654, akitumia pampu yake ya kuondoa hewa. Miaka michache baadaye Robert Hooke alimtengenezea Robert Boyle pampu bora zaidi nchini Uingereza. Zote ziliweza kupunguza hewa chomboni, lakini hakuna iliyoimaliza. Hewa ilivuja, na ile iliyobaki kwenye pembe za silinda ilitanuka kila pistoni iliporudi, ikachukua nafasi ya hewa iliyotakiwa kutolewa.

Ni Boyle huyo huyo aliyechapisha mwaka 1662 kanuni inayosema kwamba, joto lisipobadilika, presha ya gesi ikipungua mara tatu ujazo wake huongezeka mara tatu. Kwa kanuni hiyo peke yake, masalio yetu yangefika lita 1.41. Lakini ndani ya kompresa mambo huenda haraka mno. Kwa mizunguko 750 kwa dakika, mzunguko mzima unamalizika kwa sekunde 0.08. Gesi inayotanuka kwa kasi hiyo haipati muda wa kupokea joto kutoka kwenye kuta. Inapoa, na iliyopoa hutanuka pungufu kidogo ya vile Boyle alivyotabiri kwa joto lisilobadilika, maana yake haifiki mara tatu. Wahandisi huingiza jambo hili kwenye hesabu kwa namba moja inayotegemea aina ya gesi, ambayo kwa methani ni karibu 1.3 na kwa hewa 1.4. Uwiano wa presha, ambao hapa ni 3, unapandishwa kwa kipeo cha 1 gawanya kwa 1.3. Jibu ni 2.33.

Kwa hiyo lita 0.47 zinakuwa lita 1.10. Silinda yenye nafasi ya jumla ya lita 3.61 tayari imejaa lita 1.10 za gesi ya zamani kabla mpya haijaingia. Inayoingia ni lita 2.51 tu, yaani asilimia 80 ya mwendo wa pistoni.

Asilimia zinazotoroka

Asilimia hiyo huitwa ufanisi wa ujazo, na 80 bado ni ya kinadharia. Pete za pistoni huvujisha kidogo. Vali huvujisha kidogo. Gesi inayoingia hupashwa joto na kuta za silinda, hivyo hutanuka na kuwa nyepesi kabla haijafungiwa ndani. Tena vali ya kuingizia hufunguliwa na tofauti ya presha yenyewe, bila mkono wa kuisukuma. Ili ifunguke, presha ya ndani lazima iwe chini kidogo ya ile ya bomba.

Kitabu cha data cha chama cha GPSA cha Marekani, ambacho kimekuwa mezani kwa wahandisi wa gesi kwa vizazi, kinatoa njia fupi ya kukadiria hasara hizi. Badala ya kuanza na 100, anza na 96. Toa uwiano wa presha. Kisha toa asilimia ya nafasi ya masalio iliyozidishwa kwa mtanuko wake, ukiwa umepunguza moja kwenye mtanuko huo:

96 − 3 − 15 × (2.33 − 1) = 73

Fomula kamili ina kirekebisho kingine, kwa kuwa gesi halisi haifuati kanuni sawasawa presha inapopanda, lakini katika hatua ya kwanza ya mashine yetu athari yake ni ndogo. Kompresa isiyotumia mafuta ndani ya silinda hupunguziwa asilimia 5 zaidi, kwa kuwa hakuna utando wa mafuta wa kuziba mianya.

Mita za ujazo 277 zinapozidishwa kwa 0.73 zinakuwa 202 kwa saa. Robo na zaidi ya namba ya chuma imekwenda, na mashine ni mpya kabisa.

Sasa tuongeze uwiano wa presha. Silinda ile ile ikitakiwa kuvuta kwa baa 6 na kutoa kwa baa 30, uwiano ni 5 na ufanisi unashuka hadi asilimia 54. Ukiendelea kupandisha, unafika mahali ambapo masalio yakitanuka yanajaza silinda yote. Kwa mfano wetu, hata bila hasara nyingine, mwisho huo uko kwenye uwiano wa 14 hivi. Hapo pistoni itakwenda na kurudi siku nzima, ikiishindilia gesi ile ile na kuiachia, wala hakuna kitakachotoka.

Mita za ujazo zipi?

Mita 202 kwa saa ni gesi ikiwa kwenye baa 10. Muuzaji na mnunuzi hawazungumzi kwa lugha hiyo. Wanahitaji kipimo kimoja kinachofanana popote, na kwa gesi asilia shirika la viwango la kimataifa, ISO, limeweka nyuzi 15 za Selsiasi na presha ya kawaida ya hewa, baa 1.01325. Tukiibadilisha gesi yetu kutoka baa 10 na nyuzi 30 kwenda masharti hayo, kila mita inakuwa 9.57 hivi, pamoja na kirekebisho kidogo cha gesi halisi. Mita hizo zinakuwa karibu 1,940 kwa saa, zaidi ya kilo 1,300. Kwa kadiri ya kilo 10 kwa mtungi, hiyo ni mitungi ya magari 130 kwa saa, hatua zinazofuata zikihimili.

Mitego miwili imewekwa hapa. Wa kwanza ni joto la rejea. Nyaraka nyingine hutumia nyuzi 0 badala ya 15, na tofauti kati yake ni asilimia 5.5. Mashine mbili zilizoandikwa 1,900 zinaweza zisiwe sawa ikiwa mmoja wa wauzaji amehesabu kwa nyuzi 0 na mwenzake kwa 15.

Wa pili ni geji. Geji ya ukutani husoma sifuri pale inapokuwa na presha ya hewa tuliyomo. Ikionyesha 9, presha kamili ni 10. Anayegawanya masomo ya geji, 29 kwa 9, anapata uwiano wa 3.2 ambao mashine haiujui. Kadiri presha ya kuvuta inavyokuwa ndogo, ndivyo kosa hilo linavyokuwa kubwa.

Presha ya kuvuta

Kati ya namba zote, inayotawala ni presha ya gesi inapoingia. Silinda hupima ujazo, lakini gari linahitaji uzito. Lita moja ya gesi kwenye baa 7 ina uzito wa karibu asilimia 70 ya lita hiyo kwenye baa 10. Presha ya bomba ikishuka hadi 7 wakati viwanda na mitambo mingine imefungulia gesi kwa pamoja, kompresa yetu inashuka kutoka mita 1,940 hadi karibu 1,350 kwa saa. Sauti ya mota haibadiliki sana, na kranki inazunguka vile vile. Foleni ndiyo inayorefuka.

Mtu anaweza kudhani kwamba presha ya kuvuta ikishuka, uwiano wa hatua ya kwanza utapanda na kuipunguza zaidi. Katika mashine yenye hatua kadhaa haiwi hivyo. Presha kati ya hatua moja na nyingine haiwekwi na mtu. Inajitafuta yenyewe, kwa kuwa silinda ya pili hupokea ujazo wake ule ule. Gesi ikiingia nyepesi, presha ya katikati nayo inashuka kwa kadiri iyo hiyo. Mashine iliyokuwa ikipanda kutoka 10 hadi 30, kisha 87, kisha 250, sasa inapanda kutoka 7 hadi 21, kisha 61, kisha 250. Hatua ya kwanza na ya pili hazijahisi mabadiliko ya uwiano. Ya tatu imebebeshwa yote: uwiano wake umetoka 2.9 hadi 4.1.

Na uwiano huleta joto. Gesi inayoingia kwa nyuzi 30 na kushindiliwa mara tatu hutoka ikiwa na nyuzi 117 hivi. Hii ndiyo sababu kazi hugawanywa katika hatua, na gesi hupozwa kila baada ya hatua. Kuipandisha methani mara 25 kwa mkupuo mmoja kungeifikisha, kwa hesabu hiyo hiyo, juu ya nyuzi 360, joto ambalo mafuta ya kulainisha na pete za plastiki ngumu haviwezi kulistahimili. Kiwango cha API 618, kinachofuatwa kwa kompresa za pistoni za viwanda vya mafuta na gesi, kinaweka ukomo wa nyuzi 150 kwenye mlango wa kutokea. Kwa hiyo presha ya bomba inaposhuka, mwendeshaji anapaswa kutazama kipimajoto cha hatua ya mwisho mapema, kabla king'ora hakijalia.

Kuisoma mashine inayofanya kazi

Hesabu ya karatasini hutoa matarajio. Mashine yenyewe inaweza kuhojiwa. Mwaka 1796 John Southern, aliyefanya kazi na James Watt, alibuni kifaa kilichochora kwa penseli presha ya ndani ya silinda ya mvuke kadiri pistoni ilivyosogea. Watt alikiona kuwa cha thamani kiasi kwamba kilifanywa siri kwa miaka mingi. Leo kazi hiyo inafanywa na kihisio kilichofungwa kwenye silinda na kompyuta ndogo, lakini mchoro ni ule ule, na mstari wa masalio yanayotanuka unaonekana waziwazi. Mahali mstari huo unapofikia presha ya kuvuta ndipo gesi mpya inapoanza kuingia; kutoka hapo hadi mwisho wa safari ndio ufanisi wa ujazo, ukiwa umepimwa badala ya kukadiriwa.

Wapo mafundi wasio na kifaa hicho wanaosoma vali kwa joto la vifuniko vyake. Vali ya kisasa ya kompresa inatokana na kazi ya Hanns Hörbiger wa Austria, aliyesajili hataza ya vali ya sahani nyepesi ya chuma mwaka 1895. Wepesi huo ndio ulioziruhusu kompresa kukimbia. Sahani ikipasuka au ikikwama na uchafu, gesi ya moto hurudi ilikotoka. Kifuniko cha vali ya kuingizia, ambacho kawaida huwa baridi kuliko vya jirani, hupata moto.

Presha za katikati nazo husema. Hatua ya kwanza ikivuja, presha baada yake hushuka, kwa kuwa hatua ya pili inaendelea kuvuta zaidi ya inavyoletewa. Hatua ya pili ikivuja, presha kabla yake hupanda, kwa kuwa inashindwa kupokea. Anayeandika namba za geji kila zamu kwenye daftari anaweza kuitambua hatua yenye hitilafu kabla hajafungua boliti hata moja.

Kuagiza mashine kwa siku mbaya

Tuseme kituo kinahitaji mita 1,900 kwa saa wakati wote. Silinda yetu inafaa bomba likiwa na baa 10, na inapungukiwa likiwa na 7. Ili kupata 1,900 kwa baa 7, uwezo lazima uongezwe mara 1.4. Kwa kasi na mwendo ule ule wa pistoni, kipenyo kinatoka milimita 200 hadi 237 hivi, na silinda za hatua zinazofuata zikuzwe kwa kadiri hiyo.

Siku bomba lenye baa 10 linaporejea, mashine hii kubwa itataka kupitisha zaidi ya mita 2,700, na mota inaweza kulemewa. Dawa iliyozoeleka ni chemba ya ziada kwenye kifuniko cha silinda, inayofunguliwa ili kuongeza nafasi ya masalio kwa makusudi. Kwa hesabu ya awali, kuipandisha kutoka asilimia 15 hadi 32 hivi kunaushusha ufanisi wa ujazo hadi karibu 51, na mashine inarudi kwenye 1,900. Umeme haupotei kwa wingi, kwa sababu masalio yanapotanuka huisukuma pistoni na kurudisha sehemu kubwa ya nguvu iliyoyashindilia.

Yote hayo yanawezekana ikiwa tu mnunuzi amemwandikia mtengenezaji presha ya chini kabisa ya bomba lake, joto la juu kabisa la gesi inayoingia, mchanganuo wa gesi yenyewe, na masharti ya rejea ya kila mita ya ujazo inayotajwa kwenye mkataba. Jaribio la kuipokea mashine nalo lifanyike kwa mita ya gesi iliyohakikiwa, na presha ya kuvuta ikiwa imebanwa kwa makusudi hadi baa 7, kabla malipo ya mwisho hayajatoka.